Kuandaa Igizo la Vijana Wanaotafuta Maana ya Maisha: Mwongozo kwa Vikundi vya Ridhaa

Vijana wanapokaa chini ya mwembe, au katika darasa lililoazimwa jioni, wakaamua kutunga igizo kuhusu maisha yao wenyewe, jambo lilelile hutokea kabla saa moja haijaisha: mmoja wao husema, "Mimi sijui hata naishi kwa ajili ya nini," wenzake hunyamaza kwa sababu neno hilo limewagusa, na mwenye kalamu huliandika haraka liwe kauli ya kwanza ya mhusika mkuu. Neno hilo ni la kweli, na aliyelisema amelisema kwa uchungu. Hata hivyo, likitamkwa jukwaani mbele ya watu mia moja halimfikii yeyote, kwa kuwa mtazamaji hawezi kumwona mtu akitafuta maana ya maisha. Anachoweza kukiona ni mtu anayetafuta kibarua, anayetafuta nyumba aliyohamia baba yake, au anayetafuta nauli ya kurudi kwao bila kujua kama atapokelewa. Kazi kubwa ya mwongozaji wa igizo la namna hii ni kuligeuza swali hilo zito liwe jambo dogo linaloonekana kwa macho, na kurasa hizi zinaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo hatua kwa hatua.

Ninaowafikiria ni waigizaji wa ridhaa wapatao 10 hadi 14, vijana ambao mchana wana masomo, vibarua au biashara ndogo, na ambao wanataka kuonyesha mtaani kwao igizo la dakika 50 hadi 60. Mifano yangu inatoka Dar es Salaam, ambako nimefanya kazi na vikundi vya aina hii. Anayeishi Mombasa, Mwanza au Bujumbura ataona mwenyewe panapohitaji kubadilishwa.

Hatua ya kwanza: Watu, muda na vibali

Panga wiki 8, siku 3 kwa wiki, saa 2 kila siku. Hizo ni saa 48, na kwa igizo la saa moja linalotungwa na kikundi chenyewe si nyingi hata kidogo, kwa hiyo anayejiunga akubali mapema kwamba atakuwepo. Wiki mbili za kwanza ni za kukusanya visa, mbili zinazofuata ni za kujenga maonyesho, yaani vipande vinavyounda igizo, ya tano ni ya kuandika na kukariri, ya sita na ya saba ni za kunyoosha, na ya nane ni ya kuigiza mfululizo bila kukatizwa. Mazoezi yaishe saa 12 jioni, ili wanaoishi mbali, na hasa wasichana, wafike kwao kabla giza halijaingia sana. Kwa mwigizaji aliye chini ya miaka 18, mwongozaji aende mwenyewe nyumbani akamwamkie mzazi au mlezi, aeleze igizo linahusu nini na mazoezi yanafanyika wapi. Karatasi ya ruhusa iliyotiwa saini haitoshi, kwa maana mzazi aliyekuona uso kwa uso ndiye atakayekupigia simu kabla ya kumtoa mwanawe kundini.

Nchini Tanzania michezo ya jukwaani inayoonyeshwa hadharani inaguswa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, kwa hiyo suala la kibali lisingoje wiki ya mwisho. Katika wiki ya kwanza fika kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kwa afisa utamaduni wa halmashauri, ukiwa na muhtasari wa ukurasa mmoja, na uulize ni barua zipi zinahitajika. Fedha zitakazotumika ni za nauli, maji ya kunywa, nakala za muswada na kukodi viti. Michango ya wanakikundi na ya wafanyabiashara wa mtaa huo kwa kawaida inatosha, mradi kila shilingi iandikwe katika daftari ambalo kila mwanakikundi anaweza kulifungua.

Hatua ya pili: Uliza maswali yanayojibika

Ukimuuliza kijana, "Maana ya maisha kwako ni nini?" atakupa jibu la mtihani. Atataja elimu, bidii, kumcha Mungu na kuisaidia jamii, na hakuna hata moja kati ya hayo litakalokupa onyesho. Kaeni chini kwenye mkeka kwa duara, mwongozaji akiwa mmoja wa walioketi, na kila mtu ajibu maswali ya aina hii: Ni lini mara ya mwisho ulipita njia nyingine ili usikutane na mtu fulani? Nyumbani kwenu kuna kitu gani kisichotumika ambacho hakuna anayethubutu kukitupa? Watu wa nyumbani wanapokupigia simu, ni jambo gani unawaambia ambalo si kweli?

Swali la kwanza ndilo ninalolipenda zaidi, na sijawahi kuliona likikosa jibu. Katika kikundi kimoja kijana alieleza kwamba huzunguka soko zima ili asipite kwenye meza ya mama mmoja muuza nyanya, kwa sababu mama huyo alikuwa akimwita "daktari" tangu yuko darasa la saba, na hata baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka aliendelea kumwita hivyohivyo, kwa upendo, bila kujua kilichotokea. Kisa hicho kilikuwa na kila kitu tulichokihitaji: mahali panapojulikana, watu wawili, jina linalouma kwa sababu ni la heshima, na kijana ambaye hajui yeye ni nani ikiwa si daktari. Neno "maana" halikutajwa, na hakuna aliyeuliza kisa hicho kinahusu nini.

Kabla ya mtu wa kwanza kusema, kanuni za duara zitajwe kwa sauti na zikubaliwe na wote. Yanayosemwa pale hayatoki nje ya kikundi. Anayetaka kupita bila kujibu anaruhusiwa. Mwenye kisa ana haki ya kukiondoa katika igizo wakati wowote, hata asubuhi ya siku ya kuonyesha, na hataulizwa sababu. Kisa chochote kinachochukuliwa kibadilishwe mambo matatu kabla ya kuigizwa, yaani umri au jinsia ya mhusika, mahali kilipotokea, na ndugu anayehusika, na mwenye nacho asikiigize yeye.

Kanuni hiyo ya mwisho niliipata kwa gharama ambayo mtu mwingine aliilipa. Katika igizo langu la awali tulimchukulia msichana mmoja kisa chake cha kuondoka kwa shangazi yake usiku, tukakibakiza kama kilivyo kwa kuwa kilikuwa kizuri, na yeye mwenyewe akakubali kwa kuwa hakutaka kutuangusha. Siku ya kuonyesha shangazi alikuwepo, mstari wa tatu kutoka mbele, pamoja na majirani zake. Msichana huyo hakurudi tena kwenye kikundi, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu mwenye umri wa miaka 19 anapoombwa na watu 12 anaowapenda, ndiyo yake haimaanishi kwamba ameridhika.

Yapo pia masimulizi ambayo hayapaswi kuwa igizo. Kijana akieleza kwamba anapigwa, amebakwa, au hataki tena kuishi, mazoezi ya siku hiyo yasimame, mwongozaji akae naye faragha pamoja na mtu mzima ambaye kijana mwenyewe anamwamini, kisha wamfikishe kwa afisa ustawi wa jamii au kituo cha afya. Kwa walio chini ya miaka 18, Tanzania ina namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo hupigwa bila malipo. Igizo linaweza kusubiri.

Hatua ya tatu: Mpe kila mhusika jambo analolitaka leo

Hapa ndipo maigizo mengi ya vijana yanapofaulu au kuanguka, kwa hiyo nitalieleza jambo hili kwa mfano mmoja mrefu.

Ni alfajiri. Kijana, tumwite Mussa, anapuliza makaa katika pasi, anatandika shuka kuukuu juu ya meza na kupiga pasi shati jeupe: kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono. Bahasha ya kaki yenye vyeti iko kando. Mama yake anaingia na ndoo ya unga wa vitumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo unaelekea wapi?"

"Kuna ofisi moja wameniita."

Mama anaiweka ndoo chini. Anainyoosha kola ambayo tayari imenyooka, anafungua pindo la kanga yake, anatoa nauli na kumpa. Mussa anaipokea kwa mikono miwili. Mama anajitwika ndoo na kutoka. Mussa anabaki amesimama mpaka nyayo za mama hazisikiki tena, halafu analivua shati polepole, analitundika kwenye msumari na kuketi kitandani.

Onyesho hilo halichukui dakika tatu. Mtazamaji ameshaelewa kwamba hakuna ofisi, kwamba jambo hili halikuanza leo, na kwamba nauli ile itarudi nyumbani kwa njia nyingine au haitarudi kabisa. Mussa hakusema kwamba maisha yake yamekosa mwelekeo. Alilolitaka asubuhi hiyo lilikuwa dogo na la dharura, yaani mama yake asijue, na katika jambo hilo dogo swali kubwa limeingia lote. Onyesho hilohilo likirudiwa asubuhi ya pili na ya tatu, shati likizidi kuwa jeupe kwa kufuliwa na fundo la kanga likizidi kuwa dogo, hadhira itaanza kuogopa kila pasi inapowashwa.

Ili kila mwigizaji afikie hapo, mwambie amalizie sentensi inayoanza kwa maneno "Leo nataka" kwa niaba ya mhusika wake. Akisema "kujitambua", "furaha" au "kufikia ndoto zangu", mrudishe akafikiri upya. Akisema "nimpate yule wakala kabla hajafunga simu" au "mdogo wangu asiuone huu mkeka wa kubeti", ameshapata, na unaweza kumuuliza maswali mawili yanayofuata: ni nani anakuzuia, na utafanya nini ili umpite? Neema, msichana anayejiandaa kwenda kufanya kazi za ndani Oman, hana haja ya kueleza kwamba anakimbia maisha yasiyomridhisha. Inatosha tumwone akificha pasipoti mpya chini ya magunia ya mkaa, kisha anashindwa kuitoa kwa sababu bibi yake amekuja kukaa juu ya magunia hayohayo kuota jua.

Wahusika wakuu watatu wanatosha, na ni vyema kila mmoja atafute kwa njia yake. Vijana wengi wanatafuta maana msikitini na kanisani, na igizo litakaloiruka njia hiyo litakuwa limewaacha nje nusu ya watazamaji wake. Ninashauri mhusika wa namna hiyo aandikwe kwa uzito uleule wanaopewa wenzake, na kwamba mzee wa dini ambaye kikundi kinamheshimu asomewe maonyesho hayo mapema, si kwa ajili ya kutoa ruhusa bali kwa ajili ya kusahihisha, kwa sababu waigizaji hukosea mno taratibu za swala na ibada, na hadhira ikiona kosa hilo haisikii tena kitu kingine.

Hatua ya nne: Igizeni kwanza, andikeni baadaye

Usimpe mtu mmoja kazi ya kwenda nyumbani kuandika igizo zima. Chagueni kisa, gaweni nafasi, na muigize kwa dakika 5 bila maandishi yoyote, huku simu mbili zikirekodi sauti kutoka pande mbili. Rudieni mara ya pili kwa kubadilishana nafasi, ili aliyekuwa mama awe mtoto. Siku inayofuata wawili kati yenu waandike kila kilichosemwa, pamoja na vikohozi na maneno yaliyokatwa katikati, kisha kikundi kikae na kalamu nyekundu na kufuta karibu nusu. Kinachobaki baada ya kufuta huwa na ladha ya mazungumzo ya kweli ambayo mwandishi akiwa peke yake mezani huipata kwa shida: kijana anaongea Kiswahili cha kijiweni, bibi anaongea Kiswahili chake, na wakielewana nusunusu hapo hapahitaji maelezo.

Kila onyesho lipewe karatasi yake yenye jina na idadi ya dakika. Tandazeni karatasi hizo sakafuni, zikiwa 9 hadi 11, na mzihamishe huku na huku mpaka mpangilio ukubalike. Kama kuna pengo kati ya maonyesho mawili, msimulizi anaweza kuliziba kwa namna ambayo kila mtoto wa Kiswahili anaifahamu, yaani "Paukwa!" na watu wakaitikia "Pakawa!", lakini asitumiwe zaidi ya mara tatu, kwa sababu msimulizi akizidi huwanyang'anya waigizaji kazi.

Kusoma tamthilia za waliotangulia kunasaidia sana katika wiki hizi. Mashetani ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1971, inawahusu marafiki wawili vijana, Juma na Kitaru, wanaoigiza shetani na binadamu, kisha mchezo huo unamwandama Kitaru hadi kumvuruga. Humo vijana watajionea jinsi wasiwasi wa nafsi unavyoweza kupewa umbo la mchezo na ndoto badala ya hotuba. Kama kikundi kitapenda kuonyesha tamthilia iliyokwisha chapishwa badala ya kutunga yake, kiombe ruhusa ya mwandishi au mchapishaji kwa maandishi, hata kama hakuna kiingilio.

Hatua ya tano: Uamueni mwisho kwa uangalifu

Sisi tuliosoma shule za msingi za Tanzania tumekulia katika ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizieneza sana katika miaka ya baada ya Azimio la Arusha la 1967, na katika ngonjera asiyejua huelimishwa na anayejua mpaka akakubali. Maigizo mengi ya miradi ya afya tuliyoyaona viwanjani yalifuata njia hiyohiyo: daktari au mwenyekiti anasimama mwishoni, anatoa ujumbe, na watu wanapiga makofi. Njia hiyo ni halali pale ambapo jibu linajulikana, kama katika kunawa mikono au kutumia chandarua. Katika igizo la vijana wanaotafuta maana, jibu halijulikani kwa waigizaji wenyewe, na wakilazimishwa kulitamka watadanganya mbele ya watu waliowalea, na watu hao watatambua.

Pamoja na hayo, igizo lisilo na mwisho linaudhi. Suluhisho nililoliona likifanya kazi ni kufunga lile jambo dogo na kuliacha wazi lile kubwa. Kwa Mussa, asubuhi ya nne anaingia kuwasha pasi na kumkuta mama amekaa kwenye kiti, pasi imekwisha zimwa. Mama anaisogeza ndoo mbele yake na kusema, "Leo shati liache. Nibebee hii mpaka gengeni." Mussa anamtazama, mama hamtazami. Anaibeba ndoo, wanatoka, na jukwaani linabaki shati msumarini. Hadhira inaelewa kwamba mama alijua tangu asubuhi ya kwanza na kwamba nauli zile zilikuwa za kumlindia mwanawe heshima. Jambo la siri limekwisha. Kama kubeba ndoo ndiyo maisha ambayo Mussa alikuwa akiyatafuta, igizo halisemi, na msiongeze sentensi ya kusema.

Kikundi kitabishana kuhusu mwisho kuliko kuhusu jambo jingine lolote, na kiachwe kibishane, hata siku mbili.

Hatua ya sita: Mazoezi ya sauti, mwili na kimya

Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na mwigizaji asiyezoea humaliza pumzi palepale, kwa hiyo neno la mwisho la sentensi, ambalo mara nyingi ndilo lenye habari, humezwa. Wapangeni waigizaji ukutani, simameni umbali wa mita 15, na kila mmoja atamke sentensi zake huku msikilizaji akiandika neno la mwisho tu. Maneno yasiyoandikika yarudiwe, bila kupiga kelele, kwa kuvuta pumzi hadi tumboni na kuitumia polepole. Zoezi hili la dakika 10 lifanyike kila siku ya mazoezi, bila kuachwa.

Kimya ni kigumu kuliko maneno. Waigizaji wa ridhaa huogopa kimya, hudhani watazamaji watafikiri wamesahau, kisha wanakijaza kwa kuguna au kutembea ovyo. Mussa anaposikiliza nyayo za mama zikipotea, mwambie ahesabu kimoyomoyo mpaka nane. Mara ya kwanza ataona ni muda mrefu usiovumilika. Mwenzake akae mahali pa hadhira na kumwangalia, kisha wabadilishane, na yule aliyeangalia atakuwa ameelewa bila kufundishwa.

Waandae pia kwa vicheko. Hadhira zetu hucheka mahali penye maumivu, na hazichekei kwa dharau. Watu wamejiona wenyewe na kicheko ndicho kinachotoka kwanza. Mwigizaji angoje kicheko kipungue, abaki ndani ya uhusika wake, kisha aendelee. Anayetabasamu pamoja na watazamaji ameshatoka katika igizo, na kurudi kwake kutachukua dakika tano.

Mwisho wa wiki ya 6 muswada usionekane tena mikononi mwa mtu, isipokuwa yule anayekaa pembeni kuwakumbusha waliosahau. Kila nafasi kubwa iwe na mtu wa pili anayeijua, kwa sababu katika kikundi cha watu wasiolipwa kuna atakayepata kibarua siku ileile ya kuonyesha, na hatupaswi kumlaumu kwa kukichukua.

Hatua ya saba: Mahali, mwanga na mavazi

Ukumbi wenye paa la bati bila dari usikubaliwe katika miezi ya masika, yaani Machi hadi Mei, wala wakati wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, kama kuna mahali pengine. Nimewahi kuona igizo zima likipotea chini ya mvua ya dakika 40, waigizaji wakifungua vinywa na hadhira ikitazama kama watu wanaotazama samaki ndani ya maji. Uwanja wa nje, penye ukuta mmoja nyuma ya waigizaji wa kurudisha sauti, mara nyingi ni bora kuliko ukumbi, mradi tarehe iwe ya kiangazi.

Ukichagua uwanja, anza saa 10 alasiri ili umalize kabla ya swala ya magharibi, uepuke kuhitaji taa na umeme, na uwapange watazamaji wakiwa wameligeuzia jua mgongo. Jua la alasiri huanguka juu ya nyuso za waigizaji kama taa iliyoletwa makusudi, na hakuna wa mbele anayelazimika kukinga macho kwa mkono. Wapange watu kwa nusu duara: watoto na wanaopenda kukaa chini kwenye mikeka, wazee kwenye viti, vijana wamesimama nyuma. Umbali kati ya mkeka wa kwanza na waigizaji usizidi mita 2.

Mavazi yatoke majumbani, na yawe yamevaliwa kweli. Shati la Mussa liwe la mtu mwenye shati moja zuri, kola ikiwa imegeuzwa na fundi. Pasi iwe ya kweli, ndani mkiweka makaa yaliyozimika pamoja na jivu, na kama mnataka moshi wa alfajiri basi kipande kimoja tu kiwe na moto na ndoo ya mchanga iwe pembeni. Kuhusu muziki, ngoma moja na sauti za waigizaji wenyewe zinatosha. Nyimbo zilizorekodiwa zina wenyewe, na kuzitumia kunahitaji ruhusa.

Hatua ya nane: Siku ya kuonyesha na mazungumzo baada yake

Waigizaji wafike saa 7 mchana wakiwa wameshakula. Saa 8 vifaa viwe mahali pake, saa 9 wapite maonyesho yote kwa haraka bila kuigiza, wakionyesha tu nani anaingia wapi, kisha wapumzike mbali na macho ya watu.

Mazungumzo na hadhira yatengewe nusu saa. Utaratibu wa igizo linalofuatiwa na mjadala una mizizi mirefu kwetu. Programu ya Tuseme, iliyoanzishwa mwaka 1996 na walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, iliwawezesha wasichana wa sekondari kuyachambua matatizo yao wenyewe, kuyatungia maigizo na kuyajadili mbele ya shule. Augusto Boal, mwongozaji wa michezo ya jukwaani kutoka Brazil, alikwenda mbali zaidi, akamruhusu mtazamaji kusimama, kuchukua nafasi ya mwigizaji na kujaribu njia nyingine. Njia ya Boal inafaa sana kwa onyesho la Neema na pasipoti, ambapo kila mtu ana la kufanya. Kwa asubuhi za Mussa siishauri, kwa kuwa watu watakimbilia kumtafutia kazi.

Swali la kwanza kwa hadhira liwe "Mmeona nini?" na lisiwe "Mmejifunza nini?" Watu wanaoulizwa walichokiona hutaja fundo la kanga, ndoo, shati, kutoka hapo wanafika wenyewe kwenye maisha yao. Jambo moja la adabu lipangwe mapema: kwa desturi mzee au mwenyekiti akisema kwanza, vijana hawawezi kusema baada yake kinyume na alivyosema. Mfuate nyumbani siku mbili kabla, umwombe kwa heshima awe mtu wa kufunga badala ya kufungua. Wazee niliowaomba hivyo walikubali wote, na mmoja alipofika zamu yake alisimama, akasema kwamba mwaka aliofika Dar es Salaam naye alikuwa na shati kama lile, akaketi.

Usiku huohuo, kabla ya kurudisha viti na pasi ya watu, kikundi kikae dakika 20 na kuandika katika daftari mahali kicheko kilipotokea bila kutarajiwa, mahali watoto walipoanza kuzungumza, na sentensi ambazo hazikusikika nyuma. Onyesho lililowachosha watoto lipunguzwe dakika 2 kabla ya kuigiza mara ya pili, na kama inawezekana mara hiyo ya pili iwe katika mtaa mwingine, ambako hakuna anayejua Mussa ni mtoto wa nani.